Kupogoa mwembe: mkasi ufuate mavuno

Mwembe huzaa nchani. Ua la embe halitoki kwenye shina wala katikati ya tawi nene, linatoka kwenye ncha ya kitawi kilichokomaa, kile ambacho majani yake yameshakuwa magumu na ya kijani kilichokolea. Ukilishika hilo, mengine yote ya kupogoa yanaeleweka: kwa nini ukate mwezi huu na si ule, kwa nini hapa na si pale, na kwa nini jirani aliyeupunguza mwembe wake mwezi wa sita alipata majani tele na embe la kuonja tu.

Ninayoyaeleza hapa ni ya mwembe wa kubebeshwa, yaani kipandikizi cha aina nzuri kilichoungwa juu ya mche wa mbegu: Apple, Kent, Keitt, Tommy Atkins, Alphonso, Ngowe, na hata Dodo au Boribo kama umenunua mche uliobebeshwa. Ile miembe mikubwa ya mbegu, kama inayokumbukwa kandokando ya njia za zamani za misafara kule Tabora na Ujiji, ina hesabu yake, nitaigusa mbele.

Kalenda kwanza

Pwani ya Tanzania, kuanzia Muheza hadi Bagamoyo, Kisarawe na Mkuranga, maembe ya msimu mkubwa yanashuka kati ya Novemba na Februari. Makueni na Machakos nako ni karibu miezi hiyohiyo, mengine yakisogea hadi Machi. Embe la mwisho likishashuka, anza. Wiki mbili au tatu baada ya mavuno ndio wakati wenyewe, usingoje mpaka upate nafasi.

Sababu ni hii. Masika yakianza Machi yanaukuta mti umeshakatwa, nao unachipua kwa nguvu. Machipukizi hayo yana Aprili na Mei za kurefuka na kukomaa. Juni na Julai, kipupwe kikiingia na ardhi ikianza kukauka, ubaridi na ukavu vinazikuta ncha zikiwa tayari, na mti unatoa maua. Chipukizi changa halitoi ua hata ubaridi ukiwa mkali namna gani. Litatoa majani tu. Kwa hiyo kila wiki unayochelewa baada ya mavuno unaikopa kwenye msimu unaokuja.

Ukijikuta Mei inakwisha na hujagusa kitu, ondoa matawi makavu na yaliyougua, basi. Hayo hayana msimu. Mengine yaache mpaka mwakani. Najua mkono unawasha mtu akishashika mkasi, lakini kukata sana Juni ni kutupa mavuno.

Kama shamba lako lina aina zinazochelewa kuiva, Keitt kwa mfano, usipogoe mti ambao bado una matunda. Utomvu ukilidondokea embe unaunguza ganda, na mnunuzi hatasikiliza maelezo yako. Chagua pia siku kavu, umande ukishakauka. Kidonda kibichi kikinyeshewa ni mlango wa ukungu.

Vifaa, na neno kuhusu panga

Unahitaji mkasi wa kupogolea wa mkono mmoja kwa vitawi visivyozidi unene wa kidole gumba, mkasi wa mikono mirefu kwa vinavyozidi hapo, na msumeno wa kupogolea, ule wenye bapa lililopinda linalokata ukivuta. Kwa sehemu za juu, funga msumeno kwenye fito ndefu imara au utafute ngazi ya miguu mitatu.

Panga liache nyumbani. Linapasua gome, linaacha kisiki chenye nyuzinyuzi, na mara nyingi pigo la pili linatua mahali ambapo hukupakusudia. Kidonda cha namna hiyo kinachelewa kuziba, na katikati ya kuchelewa huko ndipo wadudu watoboao na kuoza vinapoingia.

Noa vifaa kabla ya kuanza. Kati ya mti mmoja na mwingine, futa makali kwa spiriti, au yachovye kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa. Jiki inakula chuma, kwa hiyo jioni vioshe kwa maji safi, vikaushe na uvipake mafuta.

Jilinde pia. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na anayejua mafuta ya ganda la korosho yanavyofanya ngozi atanielewa. Utomvu wa mwembe unababua, na wapo watu ambao uso huvimba kabisa. Vaa mikono mirefu, glavu na miwani. Ukikurukia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, na macho yakiendelea kuuma nenda kituo cha afya.

Mahali pa kukata: pete

Hapa ndipo ninapopenda watu wakae muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo fundi anapotofautiana na mkata kuni.

Shika kitawi cha mwembe ukiangalie kwa karibu. Utaona majani hayajapangwa kwa nafasi sawa. Kuna sehemu majani yameachana, halafu unafika mahali yamesongamana kama yamefungwa pamoja, kisha yanaachana tena. Ni kwa sababu mwembe hukua kwa vipindi: unasukuma chipukizi, unapumzika, unasukuma tena. Kila ulipopumzika umeacha pete, na kwenye pete hiyo vijicho vingi vimekaa karibu karibu. Hata kama majani yameshapukutika, pitisha kidole: utahisi makovu yamejaa mahali pamoja.

Ukikata juu kidogo ya pete, vijicho vyote vinaamka kwa pamoja. Yanatoka machipukizi matano, saba, hata kumi, yote kutoka mahali pamoja, yakisongamana kama abiria mlangoni mwa daladala. Tawi lililozaliwa hivyo lina shikizo dhaifu, na mwaka wa mzigo mkubwa litachanika.

Ukikata chini ya pete, kwenye pingili ambako vijicho vimeachana, yanatoka machipukizi machache, yenye nafasi, kila moja likiwa na msingi wake. Kwa mche unaoutengenezea umbo, kata chini ya pete kila mara. Kwa mti mkubwa ni vizuri hivyohivyo. Na kama imekulazimu kukata juu ya pete, rudi baadaye upunguze.

Mche mchanga: miaka mitatu ya kujenga

Mche ukifika kama mita moja na shina limekomaa, kata kilele ubakize sentimita 60 hadi 80 kutoka ardhini. Wengi wanaogopa hatua hii. Wamenunua mche kwa pesa nzuri, umemea vizuri, halafu wanaambiwa waukate kichwa! Lakini usipoukata, mwembe unapanda juu kama nguzo na kuanza matawi mahali ambapo mkono haufiki.

Machipukizi yakitoka, chagua matatu au manne. Yatazame pande tofauti, yasitoke kwenye kimo kimoja, na yatoke kwenye shina kwa pembe pana. Tawi lililosimama likibanana na shina ni la kupasuka, litoe mapema. Kama ndilo pekee upande ule, livute taratibu kwa kamba na kigingi mpaka lizoee kulala.

Matawi hayo yakifikia kama nusu mita na kukomaa, yakate tena chini ya pete, na kila moja ulibakizie machipukizi mawili au matatu. Halafu mara nyingine tena. Hesabu yake ni tatu, tisa, ishirini na saba: mti wa miaka mitatu wenye ncha nyingi, mfupi, ulio wazi katikati. Kumbuka maua yanatoka nchani, kwa hiyo hapa unaongeza sehemu za kuzalia.

Maua ya miaka miwili ya kwanza yaondoe. Mche mdogo uliobeba maembe matatu umeacha kukua ili kuyalea.

Kuna jambo dogo linaloharibu mashamba mengi: machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kubebesha. Hayo si ya aina uliyonunua, ni ya mti wa mbegu uliobeba kipandikizi chako. Yanakua haraka kuliko yale mema. Yakiwa bado laini yabandue kwa kidole. Ukiyaacha, baada ya miaka michache utavuna embe la nyuzinyuzi na kumlaumu aliyekuuzia mche.

Mti unaozaa: mpangilio wa kazi

Kabla ya kukata chochote, uzunguke mti. Kisha ingia chini yake, simama karibu na shina, utazame juu saa sita mchana. Kama huoni anga popote, umeshajua kazi yako ni nini. Chini ya mwembe uliopogolewa vizuri, mwanga unaanguka ardhini kwa madoa madoa.

Anza na makavu, magonjwa na yaliyovunjika. Vikonyo vya maua ya mwaka jana na vijiembe vilivyokauka vikabaki juu, vyote vishuke, kwa sababu vinahifadhi vimelea vya chule, ule ugonjwa unaoleta madoa meusi kwenye maua na matunda. Tawi linalokufa kuanzia nchani likate ukishuka mpaka uone mti mweupe safi ndani. Ukiona rangi ya kahawia bado, shuka zaidi.

Halafu sketi. Matawi ya chini yanayogusa ardhi, au yatakayogusa yakibeba maembe, yapandishe mpaka kati ya nusu mita na mita moja. Mvua ikipiga ardhi inarusha matope yenye vimelea kwenye majani, mchwa na sisimizi wanapata daraja, na maembe ya chini hayauziki hata hivyo.

Sasa katikati. Hapa kosa la kawaida ni kutumia saa nzima kutoa vitawi vidogo vidogo, ukimaliza mti uko vilevile. Tafuta tawi moja au mawili manene yaliyosimama wima katikati, yanayojaza kivuli ndani, uyatoe mpaka kwenye asili yake. Mkato mmoja wa msumeno unaleta mwanga kuliko mia za mkasi, na mti unabaki na vitawi vyake vya pembeni ambavyo ndivyo vinavyozaa. Matawi yanayosuguana, chagua lililokaa vizuri, jingine liondoke. Maotea yanayopanda wima kwa kasi kutoka kwenye matawi manene nayo yaondoke, ila ukiona pengo tupu bakiza moja lilijaze.

Faida ya uwazi huo utaiona msimu wa maua. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, na chule vinapenda unyevu uliotuama, na upepo ukipita ndani, maua yanakauka upesi baada ya umande. Dawa ukipuliza inafika. Na kwa aina kama Apple na Tommy Atkins, ule wekundu wa shavuni unatokana na jua kulifikia tunda.

Urefu unafuata. Mita nne zinatosha kwa mti wa biashara. Mchumaji akiwa na ngazi fupi na kichumio anafika kote. Usiukate mti bapa juu kama uzio wa michongoma. Kila tawi refu lirudishe kwenye tawi la pembeni linalotazama nje, ili hilo lichukue nafasi ya kilele.

Mwisho ndio ncha. Vitawi vilivyozaa mwaka huu virudishe nyuma, chini ya pete ya kwanza au ya pili. Kitawi kilichobeba embe mpaka likaiva kimechoka, kikiachwa chenyewe mara nyingi hakichipui mapema, na hilo linachangia ule mtindo wa mwembe kujaa mwaka huu na kupumzika mwaka unaofuata. Ukikikata unakilazimisha kuchipua pamoja na masika.

Katika yote hayo, usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Mti ukizidishiwa unajibu kwa maotea wima mengi, na mwaka mzima unapotea.

Tawi nene lisichane gome

Tawi linalozidi unene wa kifundo cha mkono huna uwezo wa kulikata kwa mkato mmoja. Litaanguka kabla hujamaliza na kuchana gome hadi kwenye shina. Kata mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, uingie theluthi moja ya unene. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lidondoke. Sasa umebaki na kisiki kisicho na uzito, ndicho cha kuondoa kwa mkato wa tatu.

Mkato huo wa tatu una mahali pake. Pale tawi linapokutana na shina kuna uvimbe, gome limekunjamana. Huo ndio ukosi wa tawi, na ndio unaoziba kidonda. Kata nje yake tu. Usiukate wenyewe kwa kutaka shina lionekane nyoofu, wala usiache kisiki kirefu, maana kitaoza na kuoza huko kutaingia ndani.

Kuhusu kupaka vidonda: mafuta machafu ya gari, kinyesi cha ng'ombe, rangi ya nyumba, achana navyo. Kidonda safi kilichokatwa mahali pake huziba chenyewe. Kwenye maeneo ya unyevu mwingi, puliza dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) mti mzima baada ya kazi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Baada ya mkasi

Ondoa takataka zote chini ya mti siku hiyohiyo. Matawi mazima ni kuni, au yakatekate yawe matandazo. Yaliyougua yachome. Maembe yaliyoanguka yafukie kwa kina kisichopungua nusu mita, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani siku kadhaa, kwa sababu ndani yake kuna funza wa nzi wa matunda na fukusi wa mbegu wanaosubiri msimu.

Mpe mti samadi iliyooza, debe mbili tatu kwa mti mkubwa, ukiitandaza chini ya ukingo wa matawi na si kwenye shina. Kama unatumia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, iweke sasa, mvua zikianza. Ikifika mwisho wa Mei, acha naitrojeni, na kama unamwagilia, punguza. Mti ulioshiba maji na mbolea Juni unaendelea kutoa majani.

Wiki ya nne hadi ya sita rudi. Palipokatwa patakuwa pametoka machipukizi mekundu laini. Bakiza mawili au matatu kila ncha, yanayotazama nje, mengine yabandue kwa mkono. Wapogoaji wengi wanaruka hatua hii, kisha wanashangaa mti umefunga tena ndani ya mwaka. Majani hayo machanga yakague pia, kwa sababu wadudu na chule wanayapenda kuliko yaliyokomaa.

Mwembe mzee

Mwembe wa miaka thelathini, mrefu kuliko nyumba, unaozaa kileleni tu ambako kunguru na popo ndio wanaokula: huo unaweza kufufuliwa. Njia ya salama ni kuugawa kwa miaka mitatu. Kila mwaka toa theluthi ya matawi makubwa, ukiyakata kwenye kimo cha mita mbili hadi tatu, huku theluthi mbili zikiendelea kuulisha mti. Gome ambalo halijawahi kupigwa na jua huungua, kwa hiyo lipake chokaa iliyokorogwa na maji mara baada ya kukata.

Machipukizi yatakuwa mengi mno; punguza bila huruma. Na hapa pana nafasi nzuri: kama mti ni wa mbegu na embe lake halina soko, machipukizi hayo unaweza kuyabebesha Apple au Kent na kuwa na aina mpya juu ya mizizi ya zamani. Tegemea miaka miwili hadi mitatu kabla ya mavuno ya maana. Mweleze mapema mwenye mti, hasa kama ni mzee aliyeurithi kwa baba yake, maana atakachokiona mwanzoni ni visiki vyeupe vya chokaa, na ataamini umeuua.

Mti ulio karibu na nyaya za umeme usiuguse mwenyewe. Waite watu wa shirika la umeme.

Miti mingine, kwa kifupi

Usihamishe kanuni za mwembe kwenda kila mti. Mparachichi nao huzaa nchani, lakini gome lake ni jepesi kuungua, ukiufungua sana unaubabua. Mchungwa na mlimau hauhitaji mengi: makavu, maotea na sketi. Mpera hutoa maua kwenye chipukizi jipya, hivyo ukiukata unaleta maua, na wakulima huitumia sifa hiyo kupanga wakati wa kuvuna. Mfenesi huzaa kwenye shina na matawi manene, ncha zake hazina la kukuhangaisha.

Kama unaajiri mtu

Anayekuja na panga peke yake, mshukuru na umpe chai. Anayekuja na mkasi na msumeno, sikiliza kwanza kama atakuuliza umevuna lini na ungependa maua lini. Kama yeye mwenyewe hajakuuliza hilo, ni dalili mbaya. Kisha mwonyeshe tawi moja la pembeni alifanyie kazi peke yake, nawe uangalie anakata juu ya pete au chini yake, na ukosi ameuacha au ameukwangua. Mkubaliane bei kwa mti na si kwa siku, na bei hiyo ijumuishe kurudi baada ya wiki sita kupunguza machipukizi. Nusu ya malipo ibaki mpaka siku hiyo.